Kutoka silinda nne hadi mbili: Nduthi ipi itakufikisha Marafa na kukurudisha?

Kama unaendesha pikipiki ya silinda nne na unaishi kati ya Mtwapa na Malindi, kuna swali ambalo huenda limeshakupata ukiwa kwenye foleni ya Mtwapa. Jasho linatiririka ndani ya helmeti, feni ya rejeta inavuma, mapaja yanaungua na mkono wa kushoto umechoka kubana klachi. Unajiuliza: hivi mashine hii ilitengenezewa barabara gani?

Wikendi swali linarudi kwa sura nyingine. Mnapanga safari, na kila mara safari ni ile ile. Mnavuka daraja la Kilifi, mnapita Gede, mnakunywa madafu Watamu au Malindi, mnapiga picha, mnarudi. Mtu akitaja Marafa, Ganze au njia ya kuelekea Sala, wenye silinda nne wanatazamana. Huku wakitazamana, bodaboda wa injini ndogo anawapita na pasenja mmoja na kreti ya soda, anaacha lami na kupotelea kwenye vumbi bila wasiwasi wowote.

Hapo ndipo vijana wengi huanza kufikiria kuuza nne wachukue mbili. Na hapo ndipo roho husita. Kwa wengi wetu, kutoka silinda nne kwenda mbili ni kama kushuka cheo. Ile sauti ya nne ikipigwa resi pale stejini inafanya watu wageuke, na ulitumia pesa nyingi kuipata. Utaambiwa nini ukitokea na kitu kinachonguruma kama jenereta?

Tuliangalie jambo hili kwa utulivu, maana linagusa mfuko wako na linagusa uhai wako.

Silinda nne ilitengenezewa nini

Pikipiki za silinda nne zilishika soko mwaka wa 1969, Honda ilipoleta CB750. Kabla yake mashine kubwa za Uingereza na Marekani zilitetemeka, zilivuja oili na zilihitaji subira. Hii ya Honda ilikuwa laini, ilikimbia na haikukusumbua. Kampuni nyingine za Japani zikafuata, na nne ikawa alama ya mwendo. Hata CB400 Super Four, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1992, ilizaliwa kwa sababu Japani ina daraja la leseni linaloishia 400cc na vijana wa huko walitaka sauti hiyo hiyo kwenye injini ndogo.

Siri yake ni rahisi. Ukigawa ujazo wa injini kwa silinda nne, kila pistoni inakuwa ndogo na nyepesi. Pistoni nyepesi inaweza kwenda juu na chini haraka sana bila kujivunja. Kwa hiyo injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa dakika, na kwenye mizunguko hiyo mingi ndipo nguvu inapopatikana.

Ukigawa ujazo huo huo kwa silinda mbili, kila pistoni inakuwa kubwa na nzito. Haiwezi kuzunguka kasi kama ya nne. Lakini kwa kawaida injini hiyo hutengenezwa ianze kuvuta mapema, kabla hujapiga kelele.

Chukua mfano wa mashine mbili za kampuni moja. Yamaha R6 ya mwaka wa 2017, silinda nne, 599cc, inatoa karibu nguvu za farasi 118. Yamaha Ténéré 700, silinda mbili, 689cc, inatoa karibu 73. Ukiishia hapo utacheka. Lakini soma mstari unaofuata. R6 inafikia nguvu zake zote kwenye mizunguko 14,500 kwa dakika, na mvuto wake mkubwa kabisa uko kwenye 10,500. Ténéré inatoa mvuto mkubwa kuliko huo wa R6, na inautoa kwenye mizunguko 6,500 tu.

Sasa jiulize: ukiwa nyuma ya lori la chumvi kutoka Gongoni, gia ya juu, mwendo wa 70, injini yako iko wapi? R6 iko chini kabisa, mbali na pale nguvu zake zinapolala. Ukitaka kupita, lazima uteremshe gia mbili au tatu kwanza. Ténéré unaikaza mafuta tu na inakwenda. Katika kupita lori kwenye barabara ya njia mbili, sekunde moja si jambo dogo.

Tena kuna hili. Pikipiki nyingi za mbio za 600cc zinaweza kupita kilomita 100 kwa saa zikiwa bado kwenye gia ya kwanza. Gia ya kwanza! Mjini sheria inakuruhusu 50. Maana yake, kati ya Kilifi na Malindi unabeba gia sita na huna pa kuzitumia bila kuhatarisha mtoto anayevuka kwenda shule.

Barabara zetu zinasema nini

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120 za lami. Kwa silinda nne, lami safi ni raha mtupu. Shida ni kwamba lami hiyo ina vijiji, matuta, mbuzi, tuktuk, matatu zinazosimama ghafla, na upepo wa kusi unaokupiga ubavuni ukiwa juu ya daraja la Kilifi. Hupati nafasi ya kuifungua injini. Unabaki kushika klachi, kuachia, kushika tena.

Ukitoka nje ya lami hiyo, mambo yanabadilika. Barabara za ndani za Magarini, Ganze na Kaloleni ni mchanganyiko. Kuna zenye lami, kuna za changarawe, na kuna za mchanga mtupu unaomeza gurudumu. Masika yakianguka, vumbi jekundu linageuka utelezi. Ukienda mbali zaidi kaskazini, upande wa delta ya Tana, unakutana na udongo mweusi ambao ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka.

Hapa idadi ya silinda ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni umbo la mashine. Pikipiki ya mbio kama R6 ina nafasi ya kama sentimita 13 kati ya tumbo lake na ardhi, na shokabu zake zinacheza sentimita 12 hivi. Ténéré ina sentimita 24 chini ya tumbo, na shokabu ya mbele inacheza sentimita 21. Tuta moja lisilopakwa rangi linaweza kuvunja plastiki za chini za R6. Ténéré inalipanda kama haikuliona.

Halafu kuna namna injini inavyosukuma gurudumu. Katika silinda nne ya kawaida, mlipuko mmoja hutokea kila nusu mzunguko, kwa mpangilio sawa. Ndiyo maana ni laini. Silinda mbili nyingi za kisasa za safari, kama Ténéré na Africa Twin mpya, zimepangwa kwa nyuzi 270. Milipuko miwili inakaribiana, kisha unafuata mpumuo mrefu, ndipo inarudi tena. Waendeshaji wengi husema mpumuo huo unawasaidia kuhisi gurudumu la nyuma linapoanza kuteleza kwenye changarawe. Na ndio unaoipa ile sauti nzito ya kunguruma. Kwa hiyo ile "jenereta" ina kazi yake.

Afrika ilishapiga kura

Ukitazama waliopita bara hili kwa pikipiki, utaona jambo moja linajirudia. Mwandishi Ted Simon alipoanza kuzunguka dunia mwaka wa 1973, akapitia Misri, Sudan, Ethiopia na Kenya akielekea kusini, alikuwa na Triumph ya 500cc, silinda mbili. Mwaka wa 1980 BMW ilileta R80G/S, silinda mbili zilizolala kushoto na kulia, na Hubert Auriol akaitumia mashine ya aina hiyo kushinda mbio za Paris-Dakar mwaka wa 1981. Honda nayo ikashinda mbio hizo miaka minne mfululizo, 1986 hadi 1989, kwa mashine ya silinda mbili, na mwaka wa 1988 ikawauzia raia pikipiki iliyotokana nayo na kuipa jina la bara letu: Africa Twin. Waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman waliposafiri kutoka Scotland hadi Cape Town mwaka wa 2007, wakakatiza Kenya, walikuwa juu ya BMW za silinda mbili.

Injini hiyo ya BMW huitwa "boxer" kwa sababu pistoni zake zinakwenda kama ngumi za mabondia. Lakini ukisema Boxer hapa Malindi, kila mtu atajua unamaanisha Bajaj ya bodaboda. Silinda moja. Nayo inabeba mama na mtoto, magunia ya makaa, mitungi ya maji na wakati mwingine kitanda, kila siku, kwenye njia ambazo wewe unaziogopa. Kabla hujajisikia umeshuka cheo kwa kuwa na silinda mbili, kumbuka wenye silinda moja ndio wanaofika kila mahali katika kaunti hii.

Hesabu ya mfukoni

Silinda nne kwa kawaida ina vali 16 na plagi nne. Silinda mbili ya kisasa mara nyingi ina vali nane na plagi mbili. Siku ya kupima nafasi za vali, fundi anayejua kazi atakutoza kwa muda, na kwenye nne muda ni mwingi. Kama nne yako ni ya zamani yenye kabureta nne, lazima zote zipumue sawasawa. Moja ikichafuka baada ya kukaa na petroli mbovu, injini nzima inakohoa.

Mafuta nayo yana hadithi yake. Nne za 600cc mara nyingi huenda kati ya kilomita 15 na 20 kwa lita, kutegemea mkono wako. Silinda mbili ya kiasi kama Honda CB500X, 471cc, inaweza kupita 25 ukiendesha kistaarabu, na tangi lake linabeba zaidi ya lita 17. Fanya hesabu hiyo kwa safari ya kwenda Garsen na kurudi.

Matairi ndiyo huuma zaidi. Tairi pana ya nyuma ya pikipiki ya mbio ni laini, huisha haraka, na haipatikani kwa muuzaji wa spea za bodaboda. Pikipiki za safari zenye rimu za spoku na tubu zina faida moja ya kienyeji: fundi wa pancha aliye chini ya mwembe anajua tubu tangu utotoni.

Kuna adui ambaye hajali idadi ya silinda, nayo ni chumvi. Ukiishi karibu na bahari, hewa yenyewe inakula cheni, boliti, breki na viungio vya nyaya. Osha mashine kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila ukitoka ufukweni, paka cheni mafuta, na usiiache wazi usiku upande wa bahari. Ukinunua pikipiki iliyokaa Pwani miaka mingi, chungulia chini ya kiti na nyuma ya rejeta kabla ya kusifia rangi ya tangi.

Usiuze kwa kukurupuka

Si kila silinda mbili ni ya safari. Kuna za mjini, kuna za mbio, kuna zile ndefu za Kimarekani ambazo tumbo lao litalala kwenye tuta la kwanza Takaungu. Kuna zilizopangwa nyuzi 180, kama Kawasaki Versys 650, ambazo hisia zake ni tofauti na za nyuzi 270, na kuna za umbo la V kama Suzuki V-Strom 650. Jaribu zaidi ya moja kabla ya kutoa pesa.

Usidanganyike pia kwamba mbili ni nyepesi. R6 ikiwa na mafuta ina kama kilo 190. Ténéré inapita 200, na Africa Twin inapita 220. Ikilala kwenye mchanga ukiwa peke yako, utaujua uzito wake. Urefu nao ni suala. Kiti cha Ténéré kiko sentimita 87.5 kutoka chini, na kama miguu yako haifiki, kusimama kwenye mteremko na pasenja ni hatari. CB500X iko chini zaidi na inasamehe wanaoanza.

Kuna pia mtu ambaye hapaswi kuuza. Kama safari zako ni Mombasa hadi Nairobi, lami mwanzo mwisho, na unapenda ulaini wa injini, nne yako bado ni mashine nzuri sana. Zipo nne zilizotengenezwa kwa safari ndefu hasa, kama Yamaha FJR1300. Usifuate upepo. Fuata barabara unayoipita mara nyingi.

Ukiamua kuuza na kununua, fanya mambo ya karatasi mbele ya macho yako. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye logibuku. Hakikisha umiliki umehamishwa kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen kabla pesa yote haijatoka. Na ile uliyouza, hakikisha nayo imeondoka kwenye jina lako. Mtu akigonga nayo kesho, hutaki polisi waje kwenu kumsumbua mama.

Mikono yako nayo ihame

Wiki za kwanza utafanya makosa ya tabia. Utasubiri injini ilie juu kabla ya kubadilisha gia, na silinda mbili itakuwa imemaliza nguvu zamani. Badilisha mapema. Ukikata mafuta ghafla, utahisi injini inakushika kwa nguvu kuliko ulivyozoea, kwa hiyo achia polepole, hasa kwenye changarawe.

Ukiingia kwenye mchanga, simama kwenye vikanyagio, sogeza uzito nyuma, legeza mikono na uweke mafuta ya kudumu. Usikamate breki ya mbele. Gurudumu litacheza, liache licheze. Anayekaza mikono ndiye anayeanguka.

Na jihadhari na uongo wa shokabu ndefu. Mashine ya safari inakufanya ujione uko salama kwenye njia mbovu, na ndipo unapojikuta unakimbia 90 mahali ambapo ng'ombe wanavuka. Ile mbio uliyoiacha kwenye silinda nne isihamie kwenye vumbi. Helmeti na jaketi la kuakisi ni lazima kisheria, kwako na kwa pasenja. Ongeza glavu na viatu vya kufunika vifundo, hata jua likiwa kali. Ngozi haina spea.

Safari ya kwanza

Ukishaizoea, anza na Marafa. Jaza tangi Malindi, vuka daraja la Sabaki, ingia bara. Ni kama kilomita 30 hivi kutoka Malindi, umbali wa kutosha kujifunza bila kujikomoa. Huko utakuta Nyari, lile bonde la mchanga lililokatwa na mvua na upepo, ambalo watalii huliita jiko la jehanamu. Usiende peke yako mara ya kwanza. Beba maji, tubu ya akiba, pampu ndogo na pesa taslimu.

Ukitaka njia ndefu zaidi, ipo ile ya kutoka Malindi kuelekea lango la Sala la Tsavo Mashariki. Fika langoni tu, maana pikipiki haziruhusiwi kuingia mbugani, na ndovu hasomi alama za barabarani. Ukitaka kupita Garsen kuelekea Witu, ulizia kwanza hali ya usalama na ya mafuriko kwa watu wanaoishi huko.

Rangi za Nyari huwaka zaidi jua likizama, na kila mtu atakushawishi ubaki uone. Baki. Lakini njia ya kurudi ni giza, mifugo iko barabarani na mchanga hauonekani kwa taa. Panga kulala Marafa, amka alfajiri, kunywa chai na mahamri, urudi barabara ikiwa bado na ubaridi.